Mfumo umegoma? Anza na daftari la karani

Simu huja miezi miwili hivi baada ya mfumo mpya kuanza kutumika. Ni mwenyekiti au meneja: "Ule mfumo wenu haufanyi kazi." Anayepokea, kama ni mtu wa programu, hufungua kompyuta na kuanza kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu. Ningemsihi aiache kompyuta kwanza. Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ninakoshughulika na mifumo midogo ya vyama vya akiba na mikopo, maghala na zahanati, mara nyingi nimekuta programu inafanya sawasawa na ilivyoambiwa. Kasoro iko kwenye kile ilichoambiwa. Mtu aliuliza nusu, akachora nusu, akajenga kizima.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kile unachokiona kaunta, halafu unarudi nyuma hadi hatua ambako tatizo lilizaliwa: kukusanya mahitaji, kuchora mtiririko wa data, kusanifu majedwali, au siku ya kuanza kutumia. Wanafunzi hufundishwa hatua hizi kama ngazi ya kushukia, na wengi hudhani ukishashuka hupandi tena. Winston Royce, aliyezichora kwa mpangilio huo mwaka 1970, mwenyewe alionya kwamba kushuka tu bila kurudi ni hatari. Basi usione haya kuuliza upya mahitaji wakati watu tayari wanatumia mfumo.

Watu wamerudi kwenye daftari

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, na ndiyo inayofichwa zaidi. Mwenyekiti akipita anaona skrini inawaka. Chini ya kaunta kuna kaunta buku lenye jalada gumu, na kazi yote ya mchana inaandikwa humo. Jioni karani anabaki saa moja zaidi akinakili kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta. Mfumo uliojengwa kwa pesa za wanachama umemwongezea kazi badala ya kumpunguzia.

Uliza kwanza: wanarudi lini? Wakirudi siku ya soko tu, tatizo ni kasi, maana foleni ni ndefu na skrini inadai mibofyo mingi kwa mteja mmoja. Wakirudi Yaka (umeme wa kulipia kabla) inapokwisha au mtandao unapopotea, tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza wafanyeje umeme ukikatika. Akirudi mtu mmoja tu, huenda hakufundishwa vizuri, au kuna jambo asilotaka lionekane. Hapo nenda polepole na usimtuhumu. Wakirudi wote, kila siku, umeme ukiwepo na foleni ikiwa fupi, kuna hitaji ambalo halikuandikwa kabisa.

Nilijifunza hilo katika chama kimoja cha wauza mboga na samaki wakavu. Mfumo wao ulikuwa na kila kitu walichosema kwenye kikao: jina, namba ya mwanachama, tarehe, kiasi. Bado daftari lilikuwa halitoki mezani. Nikaomba kiti, nikakaa nyuma ya karani siku mbili za soko bila kusema mengi. Kila baada ya mistari kadhaa aliandika pembeni, nje kabisa ya safu, herufi ndogo kwa kalamu nyekundu.

"Dada, hiyo M ni ya nini?"

"M ni mtoto. Mama hakuja leo, amemtuma mtoto. Kesho akija kusema hizi si pesa alizotuma, nitajua nani alileta."

Kwenye mfumo anayeweka pesa na mwenye akaunti walikuwa mtu mmoja. Kwenye soko ni watu wawili, na ugomvi wote wa chama huzaliwa kati yao. Herufi ile moja ya pembeni ilikuwa kinga ya karani, na bila hiyo asingeweza kuliacha daftari hata angeamriwa. Tuliongeza sehemu moja, "aliyeleta", na baada ya wiki chache daftari likaingia kabatini.

Kwa nini hakuisema kikaoni? Kwa sababu mwenyekiti alikuwa amekaa pale, na wazee wa kamati, na yeye alikuwa mdogo kuliko wote. Aliulizwa kama mfumo utatosha, akasema ndiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliokuwa wakijibu maswali siku ile hawakuwa wanalala kwenye kile kitanda. Mahojiano ya kikundi ni mazuri kwa kujua chama kinataka kwenda wapi. Kujua kazi inavyofanyika kunahitaji macho: kaa, tazama, na uliza juu ya kitu kilicho mbele yenu.

Kipimo chake ni rahisi. Weka daftari na skrini ubavu kwa ubavu. Andika kila alama iliyo daftarini isiyo na mahali kwenye skrini: safu, mistari iliyokatwa, vitone, rangi za kalamu, vikaratasi vilivyobanwa kwa pini. Kila moja ni hitaji hadi uthibitishe vinginevyo. Kisha geuza: kila kilicho kwenye skrini kisichokuwa daftarini, uliza nani anakihitaji. Asipopatikana mwenyewe, kiondoe.

Kuhusu umeme na mtandao, nasema moja. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na kila kazi iliyotegemea seva ya mbali ilisimama. Mchanganuzi anapaswa kuuliza mapema: mtandao ukikatika kutwa nzima, kazi ipi haiwezi kungoja? Kazi hiyo lazima iwezekane kwenye mashine iliyopo pale pale, data ikae humo, ipelekwe baadaye. Na kama jibu ni karatasi, basi isanifu hiyo karatasi. Fomu ya dharura yenye mpangilio ule ule wa skrini ni sehemu halali ya mfumo.

Jina moja watu watatu, mtu mmoja majina matatu

Dalili: mteja analalamika kwamba akiba yake imepungua, na ukitafuta unamkuta mara tatu. Au unafuta aliyejirudia, kumbe ni mtu mwingine.

Chanzo kiko kwenye usanifu wa data. Mtu alichagua jina, au jina pamoja na simu, kuwa ufunguo wa kumtambulisha mwanachama. Majina kwetu hayabebi mzigo huo. Pacha wa Buganda ni Wasswa na Kato, au Babirye na Nakato. Wa Lango ni Opio na Ocen, Apio na Acen. Jina linatoka kwenye mazingira ya kuzaliwa, kwa hiyo linaenea kote. Ismail Juma wa leo ni Juma Ismail wa kesho, kutegemea karani aliyekuwa zamu. Khadija huandikwa Hadija, Hadijah, Adija. Hakuna aliyekosea kati yao.

Simu nayo inahama. Simu moja hutumiwa na mama, binti na jirani; laini inapotea, namba mpya inanunuliwa.

Wengi hukimbilia namba ya kitambulisho cha taifa, ile NIN. Ina herufi na tarakimu 14, ikianza na CM kwa raia mwanamume au CF kwa raia mwanamke, na inafaa sana kuthibitisha mtu. Kuifanya ufunguo wa jedwali ni jambo jingine. Sufuri inasomwa kama herufi O. Tena mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kongo hana NIN, wala mkimbizi wa Rhino Camp au Bidibidi, ambaye karatasi zake ni nyingine. Ukiifanya ya lazima, karani atafanya nini mteja amesimama na pesa mkononi? Nimeyaona majibu kwenye jedwali: CF na sufuri 12 nyuma yake, mstari baada ya mstari.

Hilo ni tatizo pana kuliko NIN. Sehemu ya lazima ambayo mteja hawezi kuijaza kwa ukweli itajazwa kwa uongo, na uongo ule hauna alama ya kuutofautisha na data halisi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kwenye hifadhidata yoyote ninayoletewa ni hiki: kwa kila safu, hesabu thamani zinazojirudia zaidi. Ukikuta watu wengi mno waliozaliwa tarehe 1 Januari, au simu 0700000000 imeandikwa mara nyingi, umeikuta sehemu ya lazima isiyostahili. Ifanye ya hiari, na weka chaguo la "hana" lililo tofauti na "hakuulizwa". Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi yako. Orodha fupi inakulinda pande zote mbili.

Dawa ya ufunguo ni kumpa kila mwanachama namba ya chama chenyewe, isiyobeba maana yoyote: haina mwaka, haina kijiji, haina jinsia. Mtu akihama kijiji namba haiwi ya uongo. Mwishoni ongeza tarakimu ya ukaguzi, inayokokotolewa kutoka kwa tarakimu nyingine za namba hiyo, kwa kanuni ya Luhn, ile inayotumika kwenye kadi za benki. Inanasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana tarakimu mbili zilizo jirani, isipokuwa 09 na 90. Karani akikosea, skrini inamwambia papo hapo kabla pesa ya mtu haijaingia kwa mwingine.

Jumla hazilingani

Hapa vyanzo ni vingi, nitachukua vitatu ninavyovikuta mara kwa mara.

Cha kwanza ni lugha. Duka moja la jumla lilikuwa na sehemu kwenye skrini iliyoandikwa kwa Kiingereza, "Balance". Msanifu alikusudia deni lililobaki kwa mteja. Lakini Uganda mtu akisema "nipe balansi yangu", anadai chenji. Mteja akinunua bidhaa za shilingi 47,000 na kutoa noti ya 50,000, keshia aliandika 3,000 kwenye ile sehemu, kwa moyo safi. Kila mteja aliyelipa taslimu akageuka mdaiwa kwenye ripoti, na mwenye duka akaanza kumshuku keshia wake wizi. Msichana yule alilia mbele yangu. Hakuwa ameiba chochote. Kosa lilikuwa neno moja ambalo hakuna aliyemuuliza analielewaje.

Tangu siku hiyo kila mfumo ninaousanifu una kamusi yake kabla ya skrini ya kwanza: neno, maana yake kwa anayelitumia, na mfano mmoja wa tarakimu. Neno likiwa na maana mbili mezani, linaondolewa. "Chenji" na "deni lililobaki" haviwezi kuchanganywa na mtu yeyote. Tunaandika skrini kwa Kiswahili, Kilugbara au Kiingereza kutegemea nani anakaa pale, na msomaji wa kwanza wa maandishi hayo ni keshia, kabla ya mwenye duka.

Cha pili ni ukubwa wa namba. Ukiona jumla imegeuka hasi ghafla, au ripoti inakataa kufunguka mwisho wa mwaka wakati miezi yote ilikuwa sawa, tazama aina ya data, yaani ukubwa wa nafasi ambamo kompyuta huhifadhi namba. Namba nzima ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Anayepanga kwa dola haoni shida, lakini kwa shilingi yetu hiyo ni bilioni mbili na ushei tu. Chama cha wanachama 1,000 wenye milioni 2.2 kila mmoja kimeshapita. Tumia biti 64.

Cha tatu ni tofauti ya shilingi moja au mbili isiyoelezeka. Huenda fedha zimehifadhiwa kama namba ya nukta elea (kwa Kiingereza "floating point") ya biti 32, ambayo inahesabu namba nzima bila kukosea hadi 16,777,216 tu. Juu ya hapo inaanza kuruka shilingi. Fedha zihifadhiwe kama namba nzima au desimali kamili, na sheria ya kukadiria riba iandikwe kwenye mahitaji, kwa maneno, na kamati iisaini. Shilingi moja isiyo na maelezo inatosha kuvunja imani ya wanachama.

Saa zinasema jambo lisilowezekana

Ghala moja kwenye njia ya malori ya Elegu, mpakani na Sudan Kusini, lilitaka kujua gari linakaa muda gani uani, ili litoze ada. Ripoti zilikuwa nzuri kwa wiki kadhaa, kisha dereva akaja na ankara ya saa 15 wakati alikaa tatu.

Mlinzi wa getini alikuwa anaandika saa kama sote tunavyozisema. Gari limeingia saa 3 asubuhi, limetoka saa 9 alasiri. Karani akaingiza 03:00 na 09:00. Muda ni saa sita, na kweli gari lilikaa saa sita! Kosa lilijificha kwa sababu ukihesabu kuanzia mapambazuko au kuanzia usiku wa manane, tofauti kati ya saa mbili haibadiliki. Lilijitokeza tu gari lilipoingia saa 11 alfajiri na kutoka saa 2 asubuhi. Kwenye kompyuta hiyo ikawa 11:00 hadi 02:00, na mfumo, ukidhani ni siku ya pili, ukahesabu saa 15.

Ukishuku tatizo hili, chora idadi ya matukio kwa kila saa ya siku. Ghala linalofunguliwa mchana likionekana lina pilikapilika saa tisa za usiku, umeshajua. Usimlazimishe mlinzi kubadili saa kichwani. Atakosea akichoka, na mwenzake wa zamu atafanya tofauti. Mpe skrini au fomu yenye "asubuhi, mchana, jioni, usiku" na saa ya Kiswahili, mashine igeuze yenyewe. Bora zaidi, kitufe cha "ameingia sasa hivi" kinachochukua saa ya mashine. Hakikisha pia tarehe ya usiku: "usiku wa Jumapili" kwa mwingine ni usiku wa kuamkia Jumapili.

Ripoti haitoki, au inatoka bila chanzo

Hapa chukua karatasi na uchore mtiririko wa data. Duara au kisanduku chenye kona za mviringo kwa kila kazi, mshale kwa kila data inayopita, mistari miwili kwa kila mahali data inapohifadhiwa, mstatili kwa kila mtu au ofisi ya nje. Michoro hii ilienea mwishoni mwa miaka ya 1970 na bado sijaona chombo kinachofichua kasoro haraka kuliko hiki, hasa kwa watu wasiosoma msimbo.

Tafuta makosa matatu. Kazi inayopokea data bila kutoa kitu ni shimo. Mtu anajaza fomu ambazo hazisomwi na yeyote. Kazi inayotoa data bila kupokea kitu ni muujiza. Ripoti ina tarakimu ambazo hakuna aliyeziingiza, na ukichimba utakuta mtu anakisia. La tatu ni gumu kuliona: kazi inapokea data, inatoa ripoti, lakini kilichoingia hakitoshi kuzalisha kilichotoka. Zahanati inataka ripoti ya malaria kwa umri, lakini kaunta inaandika "mtu mzima" au "mtoto". Hakuna programu itakayoitoa ripoti hiyo. Rudi kaunta, ongeza umri.

Mimi huanza na ripoti na kwenda kinyume. Kwa kila safu ya ripoti, iliyo mbele ya meneja, nauliza: tarakimu hii ilizaliwa wapi, kwa mkono wa nani? Mshale ukikatika njiani, pale ndipo pa kurekebisha.

Kazi haiishi

Kila wiki ombi jipya. Mara nyingi mpaka wa mfumo haukuchorwa. Mchoro mmoja wa muktadha, wenye mfumo kama duara moja katikati na watu wa nje wanaoupa na kupokea kutoka kwake, ukisainiwa na kamati, unamaliza mabishano mengi. Ombi likija, litazame: lipo ndani ya duara au nje? La nje lina bei yake na muda wake. Gawa pia mahitaji kuwa ya lazima, ya muhimu na ya baadaye. Usikubali yote yawe ya lazima.

Siku ya kuanza ilikuwa vurugu

Ukizima cha zamani Ijumaa na kuwasha kipya Jumatatu, kila kosa lililobaki litajitokeza mbele ya wateja. Wakati mwingine hakuna njia nyingine, lakini kwa chama cha akiba sishauri. Anza na tawi moja au kaunta moja, au endesha vyote viwili sambamba.

Kuendesha sambamba kunachosha, na wengi huacha kabla ya wakati kwa sababu hakuna aliyesema kutaishia lini. Andika sharti la kumalizia kabla ya kuanza. Langu ni hili: kila jioni, karani na mweka hazina wanalinganisha namba tatu, yaani pesa zilizoingia, zilizotoka, na zilizomo sandukuni, daftari dhidi ya skrini dhidi ya pesa zenyewe. Zisipolingana, hakuna anayekwenda nyumbani hadi chanzo kiandikwe. Zikilingana kwa mwezi mzima, pamoja na ile siku ya kufunga mwezi, daftari linapigwa mstari mwekundu chini ya ukurasa wa mwisho, linasainiwa na wawili, na linafungiwa kabatini na ufunguo wake kukaa kwa mweka hazina.